Nani Anamaliza Samaki kwa Pondi Yangu? Maswali Ambayo Watu Huniuliza Kila Wiki

Niko Luanda, Vihiga, chini kidogo ya barabara ya kwenda Busia. Nyuma ya nyumba niko na mapondi mawili, moja ya udongo ya mita mraba 300 na ingine ndogo ya dam laina (ile plastiki nene ya kutandika shimo ili maji yasipotee). Ile kubwa ilichimbwa enzi zile za mpango wa serikali wa 2009, mapondi 200 kwa kila eneo bunge, maeneo bunge 140, mnakumbuka vile kila mtu alikuwa anachimba? Mara ya kwanza niliweka vifaranga 1000 vya ngege (tilapia) na siku ya kuvua nikahesabu 212. Nikamlaumu aliyeniuzia vifaranga, nikamlaumu jirani, nikalaumu hata watoto wangu. Kumbe wezi walikuwa wanakuja mchana kweupe mimi nikiwapungia mkono.

Samaki wangu wanapungua na sioni hata mmoja amekufa. Nianzie wapi?

Anza na kukaa chini. Sio mzaha. Kabla hujanunua neti, kabla hujaita fundi wa fensi, chukua kiti na thermos ya chai ukae mahali unaona pondi lakini wewe huonekani, kuanzia saa kumi na mbili asubuhi mpaka saa tatu, siku tatu mfululizo. Halafu jioni tena kutoka saa kumi na moja mpaka giza liingie. Watu wengi wanarukia kutumia pesa, anaweka fensi ya maana sana kumbe mwizi wake ana mabawa, ama anaweka neti juu kumbe mwizi anatambaa chini yake.

Mimi siku ya kwanza niliketi chini ya mwembe na nikaona ndege wawili weusi kwa weupe, wadogo tu, wakining'inia hewani juu ya maji kama wamefungwa na uzi, mabawa yanatetemeka, mdomo umeangalia chini. Anashuka kama jiwe, pwaa, anatoka na kitu kinang'aa, anaenda nacho kwa posti ya fensi anakigonga gonga mpaka kitulie ndio anameza. Nilihesabu 17 kabla ya saa tatu. Nikaenda kuangalia hiyo posti, juu yake ilikuwa imejaa magamba madogo madogo yamekauka, inametameta kama imepakwa rangi. Sasa piga hesabu, 17 kwa asubuhi moja, mwezi mzima ni 510, na hiyo ni asubuhi peke yake.

Kama siwezi kukaa kuangalia, kuna alama za kunionyesha ni nani?

Ziko, ingawa kukaa ni bora. Ukipata samaki hai ana shimo ama mkato ubavuni, hapo fikiria korongo, wale wa miguu mirefu na shingo ndefu, wanadunga na saa zingine wanakosa. Samaki wadogo wakipotea bila alama yoyote, mara nyingi ni mdiria (ndio huyo kingfisher wangu). Ukipata asubuhi vichwa na magamba kwa ukingo, na kinyesi kilichojaa vipande vya gamba la kaa, hapo ni fisi maji (otter). Mburuzo kwenye matope kama mtu amevuta kamba nene, na alama za kucha pande zote mbili, huyo ni kenge, huo mburuzo ni mkia wake. Na ukikuta kila kitu kimeenda usiku mmoja, matope yamevurugwa, nyasi zimelala, ndugu yangu huyo ana miguu miwili na gunia.

Huyo mdiria anakula samaki wa saizi gani? Nikingoja wakue si atatoka mwenyewe?

Uko karibu na ukweli. Yule mweusi kwa mweupe ni mdogo, kama sentimita 25 kutoka mdomo hadi mkia, hawezi kumeza samaki mkubwa. Yule mwingine mdogo kabisa wa bluu mwenye mdomo mwekundu ndio hata hawezi kitu zaidi ya vifaranga. Kwa hivyo hasara yote iko kwa zile wiki za kwanza baada ya kuweka vifaranga, na hapo ndio wengi wetu tunalala, tunasema samaki bado wadogo hawana thamani, tutaanza kuwalinda wakikaribia kuvunwa. Ni kinyume. Mimi siku hizi simwagi vifaranga kwa pondi moja kwa moja. Nawaweka kwanza kwa hapa, ile neti ya matundu madogo yenye umbo la sanduku, unaifunga kwa miti minne ndani ya pondi hiyo hiyo, juu unaifunika. Wanakaa humo mpaka wafike kama gramu 20 ama zaidi ndio nawaachilia. Unawalisha kwa urahisi, unawahesabu kwa urahisi, na mdiria anakaa kwa posti anaangalia tu.

Neti ya kufunika pondi iwe na matundu ya saizi gani?

Inategemea unamzuia nani. Korongo na mnandi (ile ndege nyeusi inayozama na kuogelea chini ya maji, ikitoka inasimama na mabawa wazi kama nguo imeanikwa) hao unaweza kuwazuia na matundu ya sentimita 5 mpaka 10. Mdiria atapita hapo kama amefunguliwa mlango, yeye anataka sentimita 2 na nusu kushuka chini.

Lakini saizi ya tundu sio shida kubwa, shida ni vile watu wanaifunga. Neti ikilegea ikagusa maji, korongo anakuja anasimama juu yake, uzito wake unaibonyeza chini, anadunga samaki kupitia matundu kama mtu anakula kwa uma, umemjengea meza. Ivuteni mpaka iwe ngumu kama ngoma, na iwe juu ya maji angalau nusu mita, mimi yangu iko mita moja na kidogo ili niweze kuinama na kulisha. Posti za mkaratusi kila mita mbili tatu, waya ya kufungia inapita juu ya posti, neti inalala juu ya waya. Halafu kingo zishuke mpaka chini na zizikwe ama zishikwe na mawe, maana kuna ndege anatua nje anaingia kwa miguu, nimemuona na macho yangu, anatembea polepole kama mtu amechelewa kanisani.

Na tafadhali msitumie zile neti za uzi mmoja mwembamba unaong'aa, monofilamenti. Kwanza Kenya zimepigwa marufuku kwa uvuvi. Pili ndege haioni, inanasa mpaka inakufa hapo, nyoka pia wananasa, halafu wewe ndio wa kuwatoa. Nunua ya uzi mnene, nyeusi ama kijani. Soko la Kibuye pale Kisumu siku ya Jumapili hukosi za mtumba, kagua mashimo kabla ya kulipa.

Na shedi neti (ile neti ya kuweka kivuli) je?

Inazuia kila kitu lakini inazuia jua pia. Pondi ya udongo inategemea jua ndio maji yawe ya kijani, na hiyo kijani ni chakula cha bure cha ngege. Ukifunika pondi yote na shedi neti nzito utalinda samaki halafu uwalishe peleti mpaka mfuko ulie. Kwa pondi ndogo ya laina yenye unalisha kila kitu mwenyewe, sawa.

Mimi sina pesa ya neti saa hii. Nifanye nini?

Uzi wa nailoni. Piga vigingi pande zote mbili, vuta nyuzi zikatize juu ya maji kila sentimita 30, halafu zingine zikatize upande ule mwingine. Mnandi anahitaji nafasi ya kukimbia juu ya maji ndio aruke, akiona nyuzi hatui. Korongo pia hapendi kufungua mabawa mapana katikati ya kamba. Funga vipande vya gunia kuukuu kwenye nyuzi ili vipepee (karatasi za plastiki wacha, zilikatazwa tangu 2017). Hiyo haimzuii mdiria, nisikudanganye.

Kitu kingine cha bure ni kina. Korongo anasimama kwa maji yanayomfika magotini, anangoja. Kama ukingo wako unateremka polepole kama ufuko umemwekea viti. Chimba ukingo uwe mkali kidogo na maji yafike mita moja haraka, aje akose pa kusimama. Na ng'oa miti mikavu na posti zisizo na kazi karibu na maji, hizo ndio viti vya mdiria.

Sanamu, CD, kanda za kaseti?

Wiki moja, sana sana mbili. Ndege si mjinga, akishaona yule mtu wa koti na kofia hajawahi kusonga, anamtumia kama kiti. Nimeona mdiria juu ya kofia ya sanamu ya jamaa wa Emuhaya, nikacheka mpaka nikakaa chini. Kama huna kingine basi uihamishe kila siku mbili, ivalishe nguo zingine, na umfunge mbwa karibu.

Kenge anaingia kila mara, hata amekula mayai ya kuku. Anawezekana?

Anawezekana lakini sio na waya. Watu wanaweka waya ya kuku, na kenge ana kucha, anapanda hiyo waya kama ngazi. Mabati ndio dawa, hata yale ya zamani yenye kutu. Laza mabati kwa ubavu kuzunguka pondi, kimo cha sentimita 60 juu ya ardhi, na yazikwe sentimita 30 chini kwa sababu anachimba pia. Upande laini uangalie nje, posti ziwe ndani. Akija anakwaruza kwaruza anateleza, anakwenda. Hakikisha hakuna tawi linaloning'inia juu, ama rundo la kuni limeegemea hapo.

Yeye ni wa mchana, anapenda jua, kwa hivyo ukiona samaki wanaenda usiku usimsingizie. Na mayai yafungie, hayo ndio yanamleta bomani kwanza.

Fisi maji kweli wako huku? Mimi nilidhani ni hadithi.

Wako. Ukiwa karibu na mto Yala ama Nzoia, ama vile vijito vyenye kaa wengi, wako, wewe ndio huwaoni maana wanatembea jioni na usiku. Yule mkubwa asiye na kucha chakula chake hasa ni kaa, samaki wa pondi ni bahati tu amekutana nayo. Lakini akishajua njia atarudi, na saa zingine anakuja na familia.

Rafiki yangu mmoja upande wa Yala alipoteza kambale wakubwa, tukaenda asubuhi na tochi, na pale kwenye ukingo kulikuwa na choo chake hasa, mahali pamoja anaporudia, nyeupe nyeupe na vipande vyekundu vya gamba la kaa, inanuka samaki wa siku tatu. Tukaweka waya ya matundu madogo kimo cha mita 1.2, chini tukaikunja kuelekea nje kama herufi L tukaizika. Anachimba anapokutana na ukuta, na hapo anakutana na waya iliyolala. Akaacha. Mbwa wawili wanaolala hapo pia walisaidia, sitaki kudanganya ni waya peke yake.

Kambale wangu 40 wamepotea usiku wa mvua. Hakuna damu, hakuna alama, neti iko sawa. Nani?

Wametoka wenyewe! Kambale ana kiungo cha kupumua hewa, na usiku wa mvua nyasi zikilowa anatembea na mapezi yake kama anaenda harusi. Angalia mtaro, angalia shamba la jirani, angalia arrowroot zake. Ukingo wa mabati ya sentimita 30 unamaliza hiyo tabia.

Na kama ni vifaranga vya kambale vinapungua, mwizi yuko ndani, wanakulana. Wale waliokua haraka wanameza wenzao. Kila wiki mbili tatu watoe uwachague kwa saizi, wakubwa kivyao, wadogo kivyao, na usiwaache na njaa.

Nimeambiwa nichanganye kambale na tilapia. Si watawamaliza?

Ukiweka kambale wakubwa na ngege wadogo, ndio, umelipa mwizi mshahara. Lakini ngege wanazaana mpaka pondi inajaa vitoto visivyokua, na kambale wachache wanakula hivyo vitoto. Siri ni ngege waingie kwanza wakue, kambale waingie baadaye wakiwa wadogo kuliko ngege. Hapo kambale anakufanyia kazi.

Vyura?

Usipuuze. Viluwiluwi wanakula chakula cha samaki wako, na chura mkubwa anameza vifaranga. Ukiona mayai yao, ule utando kama sabuni wenye vidoa vyeusi, yatoe na chujio kila asubuhi. Kata nyasi za ukingo ziwe fupi. Hiyo kukata nyasi inasaidia na nyoka na nguchiro pia, ni kazi moja inalipa mara tatu.

Niko Ahero, mafuriko yakiisha napata kamongo (lungfish, yule samaki mrefu kama nyoka) ndani ya pondi. Anakula samaki?

Anakula, na meno yake yanaweza kutoboa neti, na kidole chako pia. Akiwa matopeni huwezi kumuona, anajizika. Maliza msimu, kausha pondi kabisa, piga matope na jembe umtafute. Halafu inua ukingo juu ya kimo cha maji ya mafuriko ya mwisho unayokumbuka, na mdomo wa bomba la kuingiza maji ufunge kifuko cha neti ya mbu ama shedi neti, kisafishe kila siku maana kinaziba. Hicho kifuko kinazuia pia mumi (kambale) wadogo na mayai ya samaki wa mtoni. Na huyo kamongo usimtupe, wewe unajua huko kwenu vile anapikwa.

Nyoka?

Wengi wanafuata vyura. Wa kutisha ni swila, na Western wako, kwa hivyo usiingize mkono kwenye shimo la ukingo, kata nyasi, vaa gambuti. Hasara yao kwa samaki ni ndogo.

Mimi niko Nakuru, Milimani, niko na goldfishi wachache kwa kidimbwi cha mapambo. Mwari wa ziwa wanaweza kuja?

Mama, mwari hataki kidimbwi cha mita mbili, anahitaji uwanja wa kutua kama ndege ya abiria. Na anajua chakula chake kiko wapi. Zamani Ziwa Nakuru halikuwa na samaki, lilikuwa la flamingo tu, mpaka miaka ya 1950 na 1960 ndio wakaleta tilapia wadogo kutoka Magadi wale mbu, na baada ya hapo mwari na wala samaki wengine wakajaa. Kwa hivyo hata serikali ikiweka samaki, ndege wanasikia habari.

Wako atakuwa ni paka wa jirani, mdiria, ama yule ndege wa kahawia mwenye kichwa kama nyundo anayejenga kiota kikubwa sana juu ya mti. Hicho kiota msikivunje, wazee wanasema ni mkosi, na hata bila mkosi ni kazi bure, anajenga kingine. Goldfishi wanaonekana kutoka mbali kwa rangi yao, wape pa kujificha, bomba pana la maji taka liweke chini, ama mawe yenye pango, na mayungiyungi yafunike kama nusu ya maji. Kidimbwi kidogo hivyo neti yake ni bei ya kilo chache za sukari.

Niweke sumu ama mtego?

Hapana. Wanyama hao wanalindwa na sheria ya wanyamapori ya 2013, ukikamatwa na mzoga utajieleza. Lakini wacha hata sheria. Sumu unayoweka kwa ukingo mvua inaipeleka kwa maji, kwa samaki, kwa sufuria yako. Bunyala watu walitumia dawa ya wadudu kuua ndege wa mashamba ya mpunga halafu ndege hao wakauzwa kuliwa. Fikiria hiyo. Kama ni mamba ama mnyama wa kukutisha, ofisi ya KWS (shirika la wanyamapori) iliyo karibu ndio kazi yao.

Na wezi wa miguu miwili?

Hao ndio wa hasara kubwa, wanangoja mpaka wiki ya kuvuna. Piga vigingi ndani ya pondi, matawi yenye miiba, bila mpangilio. Mtu akija usiku na wavu wa kuburuta, unashika, unapasuka, anaondoka na matusi. Siku yako ya kuvuna unaving'oa. Taa ya sola yenye sensa inasaidia, na bata bukini wanapiga kelele kuliko mbwa. Na usitangaze tarehe ya kuvuna sokoni, mimi nilitangaza mara moja kwa bodaboda mmoja tu, mmoja!

Asubuhi nimekuta samaki wanaelea wamekufa, wazima kabisa. Ni mnyama gani?

Hakuna mnyama. Ni hewa imeisha kwa maji, hasa kama uliweka mbolea nyingi ama siku ilikuwa ya mawingu. Ukiamka alfajiri ukute wako juu wanafungua midomo, ongeza maji mapya haraka na usilishe siku hiyo.

Wewe siku hizi unapoteza wangapi?

Msimu uliopita niliweka 1000 nikavuna 868. Mdiria bado anakuja kila asubuhi, anakaa kwa posti ile ile, anaangalia neti kidogo, halafu anavuka ua anaenda kwa jirani. Jana jirani amenipigia simu anauliza hiyo neti nilinunua wapi.